Tahadhari Nyumbani Wakati wa Noeli: Je, Ni Ukosefu wa Upendo?



Kila mwaka, Majilio yakishaingia juma la pili au la tatu, huwa nasikia lalamiko lilelile kutoka kwa mabwana na mabibi wa jumuiya zetu ndogo ndogo. Bwana anasema, "Mama watoto anashuku kila mtu. Hata ndugu zangu anawawekea masharti." Bibi naye anasema, "Baba watoto hajali. Nikisema tufunge, tupange, tuulize, yeye ananijibu kwamba Mungu atalinda." Wote wawili ni Wakristo wazuri, na wote wawili husali. Lakini mmoja anaona kwamba tahadhari ni ukosefu wa imani na upendo, na mwingine anaona kwamba kutojihadhari ni kumjaribu Mungu. Ni nani mwenye haki?

Swali hili si dogo, wala halimalizwi kwa kununua kufuli kubwa zaidi. Noeli ni sikukuu ya kufungua mlango. Tunawahubiria watoto mbele ya pango kwamba Maria na Yosefu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, nasi tunawalaumu watu wa Bethlehemu kwa kufunga milango yao. Na bado Desemba ndio mwezi ambapo nyumba nyingi za mjini huachwa tupu, barabara hujaa magari yanayokimbilia mashambani, na watoto, shule zikiwa zimefungwa, hulala katika nyumba zenye watu wengi kuliko vitanda. Je, mtu mmoja anaweza kuufungua mlango na kuulinda kwa wakati uleule?

Tuanze na lile la "Mungu atalinda", kwa maana hilo ndilo jepesi. Someni sura ya pili ya Injili ya Mathayo polepole, ninyi wawili mkiwa pamoja. Yosefu aliambiwa katika ndoto kwamba Herode anamtafuta mtoto ili amwangamize. Hakusema, "Huyu ni Mwana wa Mungu, basi Mungu atamtunza mwenyewe." Aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akaondoka kwenda Misri. Baadaye, Herode alipokwisha kufa na Yosefu akawa anarudi, alisikia kwamba Arkelao anatawala Yudea mahali pa baba yake. Akaogopa, na baada ya kuonywa tena katika ndoto akaishia Galilaya. Injili haioni haya kutuambia kwamba mtu mwenye haki aliogopa. Na sura mbili mbele, ni nani anayemwambia Yesu ajitupe chini kutoka mnara wa hekalu kwa kuwa malaika watamdaka? Si malaika anayesema hivyo.

Tazameni pia kalenda ya Kanisa. Noeli ni tarehe 25, na tarehe 28 tunawakumbuka Watoto Mashahidi waliouawa Bethlehemu. Siku tatu tu baada ya nyimbo za furaha! Familia Takatifu nayo tunaiadhimisha mumo humo, Jumapili iliyo kati ya Noeli na Mwaka Mpya. Mama Kanisa hakutuficha kwamba pango na upanga vilikuwa katika mji mmoja. Kwa hiyo bwana anayesema Mungu atalinda, kisha akalala bila kuukagua mlango, asijifiche nyuma ya imani. Mungu alimlinda mtoto Yesu kwa miguu ya Yosefu.

Tukishakubaliana hivyo, inakuja sehemu ngumu. Tunalinda nini, na tunamlinda dhidi ya nani?

Wengi wetu tukisikia neno usalama tunamfikiria mwizi. Ni kweli wezi wapo, na nyumba isiyo na taa wala sauti siku kumi inajitangaza yenyewe. Lakini tazama tunavyolitatua jambo hilo. Familia nzima inapanda gari kwenda mashambani, na msichana wa kazi anaambiwa, "Wewe utabaki uangalie nyumba." Msichana wa miaka 20, peke yake, usiku wa Noeli, katika nyumba ambayo wenyewe wanaiogopea wezi! Wezi wakija, atawafanya nini? Ukweli ni kwamba tumempima na televisheni, tukaona televisheni ndiyo inayohitaji kulindwa. Yeye pia ana mama anayemtazamia njiani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na msichana wa kazi za nyumbani ni mfanyakazi. Lakini hata kama sheria isingesema lolote, nawauliza wana ndoa: Mkristo anaweza kweli kumfanya mtu kuwa kufuli?

Afadhali mali ipotee. Nimesema hivyo katika semina za ndoa na baadhi ya mabwana wakaguna, maana televisheni waliinunua kwa jasho. Ninawaelewa. Basi kuna njia nyingine ya zamani na nzuri kuliko hiyo, nayo ni jirani. Katika ploti nyingi za Mombasa na Nairobi utakuta familia ya Kiislamu mlango wa pili. Wao hawasafiri Noeli, nasi hatusafiri Idd. Wanaangalia kwetu Desemba, tunaangalia kwao siku yao ikifika. Ufunguo ukishakabidhiwa jirani namna hiyo, mlango umefungwa na moyo umefunguliwa kwa tendo moja. Askari wa usiku naye akumbukwe, maana anakesha penye baridi wakati sisi tunakula. Sahani ya chakula na chai ya chupa si gharama.

Sasa naomba tusogee karibu zaidi, hadi ndani ya nyumba, kwa sababu hapa ndipo ninapoona wana ndoa wengi wakinyamaza.

Tunafunga lango kwa minyororo dhidi ya mtu tusiyemjua. Kisha ndani, wageni wakiwa ishirini, tunatandika magodoro sebuleni na kuwalaza watoto wetu popote penye nafasi: huyu na binamu mkubwa, yule na rafiki wa mjomba aliyekuja naye kutoka mjini, wale wawili katika chumba cha kijana wa shangazi. Taa zinazimwa. Wazazi wako nje wanazungumza na wazee hadi usiku wa manane. Hakuna aliyefikiri lolote baya, kwa kuwa wote ni watu wa nyumbani.

Utafiti wa taifa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Karibu mwanamke mmoja kati ya watatu, na karibu mwanamume mmoja kati ya watano, alisema alipatwa na dhuluma ya kingono ya namna fulani kabla ya kufikisha miaka 18. Utafiti mwingine wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba idadi hiyo ilikuwa imepungua, lakini haikuwa imekwisha. Na waliotenda hayo, kwa sehemu kubwa, hawakuwa wageni waliovunja mlango. Walikuwa watu ambao mtoto aliwafahamu. Kumbukeni pia kwamba hesabu hiyo ina wavulana. Wazazi wengi humlinda binti na kumwacha mvulana alale popote kwa kuwa "yeye ni mwanamume".

Najua jibu litakalotolewa. "Katekista, unataka tuwashuku ndugu zetu? Nikimwambia mama yangu kwamba watoto wangu hawatalala na wajomba zao, si nitakuwa nimewaita wanyama?" Naliheshimu jibu hilo. Ndani yake mna kitu cha kweli, kwamba upendo haumfikirii mwenzako mabaya, na ukoo unaotazamana kwa jicho la pembeni si ukoo tena. Mama mmoja ninayemfahamu alikataa waziwazi, mbele ya watu, binti yake asilale chumba fulani. Mama mkwe aliumia, akasema, "Umewafanya watu wetu wezi." Hawakusemezana hadi Pasaka. Je, yule mama alikosea?

Mimi nasema alikuwa na haki katika jambo lenyewe, na taabu ilitoka katika namna lilivyotokea. Alisubiri hadi usiku, akamtazama mtu mmoja, akakataa. Hapo kweli alikuwa amemhukumu mtu. Lakini kuhukumu mtu ni kitu kimoja, na kupanga nyumba ni kitu kingine. Fikirini jinsi tunavyohesabu sadaka kigangoni baada ya Misa ya Jumapili. Hahesabu mtu mmoja. Wanakaa watatu, wanahesabu mbele ya wenzao, wanaandika, wanatia sahihi. Je, mweka hazina ameitwa mwizi? Hapana. Utaratibu huo ulikuwapo kabla yake na utaendelea baada yake, na siku fedha zikipungua, wa kwanza kulindwa na utaratibu huo ni yeye mwenyewe. Kanuni inayowahusu wote haimshtaki yeyote. Mjomba mwema hapotezi kitu watoto wakilala kwingine. Asiye mwema ndiye tu anayepoteza nafasi.

Wala msiambiwe kwamba mambo haya ni ya Kizungu. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Kwa Waluo, wasichana walilala katika nyumba ya nyanya, siwindhe, na huko huko wakafundishwa maisha. Vijana wa kiume walikuwa na simba yao. Kwa Wakikuyu, mwanamume alikuwa na thingira yake, na mama na watoto wadogo walikuwa na nyumba yao. Kila mtu alijua alale wapi, na hakuna aliyejiona ametukanwa. Kilicho kigeni ni hiki chetu cha leo, cha nyumba moja ya vyumba vitatu, magodoro kumi na mbili sebuleni, na watu wa kila umri wamejipanga kama magunia. Tumeutupa utaratibu wa wazee, tukabakiza neno heshima peke yake lifanye kazi yote ya ulinzi. Haliwezi.

Basi semeni mapema, kabla ya kufunga mizigo. Na hapa nawageukia mabwana. Kama mnakwenda kwenu, anayepaswa kuzungumza na mama yako ni wewe, si mkeo. Yeye akisema, itasikika kama mkamwana anayedharau ukoo. Wewe ukisema, ni mwana anayemwomba mama yake msaada. Mpigie simu umwambie, "Mama, mwaka huu naomba wasichana wote walale chumbani kwako, na wavulana wadogo kwetu." Nyanya wengi watafurahi, kwa kuwa umemrudishia kazi iliyokuwa yake. Vivyo hivyo, mkienda upande wa mke, mke ndiye azungumze na wazazi wake. Bwana anayemsukuma mkewe mbele katika jambo hili, kisha akakaa kimya mama akikasirika, amemwacha peke yake vitani.

Mtoto naye asikilizwe. Akisema, "Sitaki kulala pale," au akikataa kumsalimu mtu fulani kwa kukumbatiwa, msimkaripie mbele ya wageni kwamba hana adabu. Mpelekeni pembeni, mmwulize kwa upole. Pengine ni deko tu la mtoto. Pengine sivyo.

Na kama jambo baya limekwisha kutokea, naandika hili kwa uchungu, msikubali limalizwe chini ya mti kwa mbuzi na kwa maneno ya "tusiaibishe ukoo wakati wa Noeli". Mpelekeni mtoto hospitali mara moja, maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo bora. Msimwogeshe kwanza, wala msifue nguo zake. Kisha mkaripoti polisi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inalihesabu tendo hilo kuwa jinai, na wazee wa ukoo hawana mamlaka ya kuifuta. Nambari ya simu ya kusaidia watoto ni 116, na kuipiga ni bure. Wengine huniuliza, "Na msamaha je, katekista?" Msamaha upo. Lakini anayeombwa msamaha kwanza ni mtoto, si baba wa ukoo. Na kumsamehe mtu hakuna maana ya kumrudishia ufunguo wa chumba.

Mengine nitayapitia kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo, bali kwa kuwa hayana ubishi mwingi. Jiko la makaa lisilazwe ndani kwa sababu ya baridi ya Limuru au Nyandarua. Hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Sufuria ya mafuta ya kukaangia mandazi iwekwe mbali na watoto wanaokimbizana. Pombe za kienyeji zisizojulikana zimepikwa na nani zisiingie katika boma lenu hata kama mzee ameziomba. Mwezi wa Novemba 2000, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kinywaji cha namna hiyo, na mwaka 2014 yakatokea tena katika kaunti kadhaa.

Barabara, hata hivyo, nisiipite kimya, kwa kuwa inagusa ndoa. Tarehe 31 Desemba 2017, saa za alfajiri, basi na lori viligongana Migaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Serikali ikasimamisha kwa muda safari za usiku za mabasi ya abiria. Lakini hakuna serikali inayokaa ndani ya gari lako mwenyewe. Anayekaa humo ni mkeo. Akisema, "Baba, punguza mwendo," au, "Umekunywa, tulale hapa hadi asubuhi," mabwana wengi husikia dharau. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia nzito. Haikusema isipokuwa baba wa familia. Kwa hiyo mke anayesema "punguza" hajakushusha cheo. Ameona dhambi nzito ikija, akakuonya, na hiyo ni kazi aliyoapa kuifanya mbele ya altare.

Sasa turudi kwa swali la mlango. Kuna hatari nyingine ambayo nisipoitaja nitakuwa nimewadanganya. Mtu anaweza kulinda hadi akapitiliza. Nimeona familia zilizopata fedha kidogo, zikajenga ukuta wenye vigae vya chupa juu, zikanunua mbwa, na tangu hapo mjane wa jirani hakuthubutu kubisha hodi tena hata kuomba chumvi. Wako salama, hilo siwakatalii. Lakini mtu akiniuliza wamelinda nini, nitakosa jibu. Nyumba ya Kikristo hulindwa ili ndani yake mapendo yaweze kuendelea, na mapendo yasipopata mlango wa kuingilia na kutokea, ule ukuta umebaki kulinda samani. Ndiyo maana nawaambia wana ndoa wapange pia nani watamwalika, si nani watamzuia tu. Kuna mzee aliyebaki peke yake katika ploti. Kuna msichana wa kazi ambaye hana nauli. Kuna watoto wa kituo cha parokia.

Katika jumuiya yetu bado tunabishana kuhusu jambo moja. Mtu usiyemjua akibisha usiku wa mkesha, amekosa gari, ana mtoto mgongoni, utafanya nini? Wengine wanasema mfungulie, huenda ni Kristo. Wengine wanasema usifungue, huenda ni chambo cha majambazi, na jambo hilo limewahi kutokea. Mimi nasema washa taa ya nje, waite majirani wawili, mpe chai na blanketi palepale barazani, kisha mwende naye mkiwa wengi hadi kwa mzee wa Nyumba Kumi au parokiani. Mtu mwenye shida ya kweli hatachukia kuona watu watatu wamekuja kumsaidia badala ya mmoja.

Mzee mmoja hakuridhika. Alisema yeye atamfungulia na kumlaza sebuleni, liwalo na liwe, maana hawezi kusimama mbele ya pango asubuhi akiwa amemlaza mama na mtoto nje. Nikamwuliza wajukuu zake wanne watakuwa wamelala wapi usiku huo. Kabla hajajibu, mkewe alisema, "Watalala nami chumba cha ndani, na ufunguo utakuwa kwangu. Wewe fungua mlango wako."